Kumaliza, kuhama au kuondoka mapema: mafunzo ya baada ya uzamivu ya saikolojia na leseni ya Marekani

Mwenye shahada ya uzamivu ya saikolojia nchini Marekani hawezi kuanza kuwahudumia wagonjwa kwa jina lake mwenyewe mara tu baada ya mahafali. Mbele yake, katika majimbo mengi, kuna saa za kazi chini ya usimamizi, kuna EPPP, yaani mtihani wa utaalamu wa saikolojia unaotumiwa na majimbo yote 50, na katika majimbo kadhaa kuna mtihani mwingine wa sheria na maadili ya jimbo lenyewe. Wengi hukamilisha sehemu ya mwisho ya saa hizo katika mafunzo rasmi ya baada ya uzamivu, ambayo huchukua mwaka mmoja au miwili hospitalini, chuoni au kliniki. Katikati ya mwaka huo mzazi huweza kuugua, msimamizi akahama, kazi nzuri ikajitokeza katika jimbo jingine, au mahali penyewe pakawa hapakaliki. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo vijana wetu waliosoma huko huniuliza mara kwa mara: nikiondoka kabla mkataba haujaisha, leseni yangu itakuwaje?

Nitalinganisha njia nne. Ya kwanza ni kukaa hadi mwisho. Ya pili ni kuondoka baada ya saa za leseni kutimia lakini kabla ya mkataba kumalizika. Ya tatu ni kuondoka kabla saa hazijatimia na kuzikamilisha kwingine. Ya nne ni kuomba leseni katika jimbo lisilodai saa za baada ya uzamivu. Katika zote, miezi uliyokaa si kipimo cha kutosha. Kinachopimwa ni saa ambazo msimamizi yuko tayari kuzitia sahihi na ambazo bodi ya jimbo unalokwenda iko tayari kuzihesabu. Mimi mwenyewe niliondoka katika mwezi wa saba wa mkataba wa miezi 12, na nililijua jambo hili nikiwa nimekwisha kufunga mizigo.

Saa zinazodaiwa hazifanani

Marekani haina leseni moja ya saikolojia kwa nchi nzima. Kila jimbo lina bodi yake na kila bodi ina hesabu yake. California inadai saa 3,000 chini ya usimamizi, na angalau 1,500 kati ya hizo lazima zifanywe baada ya shahada ya uzamivu. New York inadai miaka miwili ya kazi ya kusimamiwa, ambapo mwaka mmoja wa kazi kamili huhesabiwa kuwa saa 1,750 na angalau mwaka mmoja uwe baada ya shahada. Florida inadai saa 4,000: saa 2,000 hutoshelezwa na mafunzo tarajali, yaani ule mwaka wa kazi unaofanywa kabla ya kutunukiwa shahada, na saa 2,000 zinazobaki ni za baada ya shahada, tena ndani yake angalau 900 ziwe za shughuli zinazomgusa mgonjwa moja kwa moja.

Gawanya saa hizo kwa wiki ya kazi ya saa 40 na utaona tofauti kubwa. Saa 1,500 ni wiki 37 na nusu, saa 1,750 ni karibu wiki 44, na saa 2,000 ni wiki 50 kamili. Mkataba wa mwaka mmoja una wiki 52, lakini ukitoa sikukuu, likizo na siku za ugonjwa, anayelenga Florida hana nafasi hata ya kupumua, ilhali anayelenga California anaweza kuwa ametimiza saa zake katika mwezi wa tisa au wa kumi, hasa kwa kuwa bodi ya huko hukubali hadi saa 44 kwa wiki, muda wa kukutana na msimamizi ukiwa ndani yake. Kwa hiyo watu wawili wanaokaa ofisi moja, wenye mkataba wa aina moja na tarehe moja ya kuanza, wakiondoka siku moja katika mwezi wa kumi, mmoja huenda ametimiza kila kitu na mwenziwe akawa na deni la miezi miwili. Jimbo linalohesabu ni lile utakaloomba leseni, wala si lile ulilofanyia mafunzo, na kosa ninaloliona mara nyingi zaidi ni la mtu kusoma masharti ya mahali alipo badala ya mahali anapokwenda.

Kuna jambo jingine lililojificha ndani ya saa zenyewe. Bodi haziangalii jumla peke yake, bali huangalia pia usimamizi ulivyofanyika. California, kwa mfano, inataka usimamizi ufikie asilimia 10 ya saa za kazi, na ndani yake angalau saa moja kila wiki iwe ya wewe na msimamizi wako mkuu ana kwa ana. Kama msimamizi alikuwa safarini wiki tatu na hakuna aliyeshika nafasi yake, wiki hizo tatu zinaweza kupotea hata kama ulifanya kazi kuanzia asubuhi hadi usiku. Kabla ya kulinganisha njia yoyote, basi, fungua daftari lako la saa na uhesabu zile zenye usimamizi uliokamilika. Mimi nilidhani nina saa zaidi ya 1,100. Baada ya kuondoa wiki ambazo usimamizi haukufanyika ipasavyo, zilipungua kwa kiasi ambacho kilibadilisha mipango yangu yote.

Kukaa hadi mwisho, au kuondoka saa zikishatimia

Kwa upande wa leseni peke yake, njia hizi mbili mara nyingi huishia mahali pamoja. Bodi ikitaka saa 1,500 na wewe una 1,560 zilizotiwa sahihi, haina sababu ya kuuliza kwa nini hukumaliza wiki saba za mwisho. Tofauti yake iko nje ya ofisi ya bodi.

Anayemaliza hupata cheti cha kukamilisha programu. Programu zenye ithibati ya Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, APA, hutakiwa kumpa mtu angalau mwaka mzima wa mafunzo, kwa hiyo anayeondoka katika mwezi wa kumi hapati cheti hata kama saa zake za leseni zimetosha. Cheti hicho kina uzito katika ajira za hospitali kubwa na vyuo, na pia katika fomu za kuhakiki sifa za watoa huduma, ambazo nyingi huuliza waziwazi kama mwombaji aliwahi kuacha programu ya mafunzo kabla ya kuimaliza. Swali hilo halikufungii mlango. Hata hivyo utalijibu kila unapobadilisha kazi, na jibu lako litalinganishwa na litakalotolewa na mkurugenzi wa mafunzo wa zamani, kwa hiyo ni vyema mkubaliane mapema, kwa maandishi, sababu ya kuondoka itaelezwa namna gani.

Anayeondoka saa zikishatimia hupata muda. Akianza mapema kazi yenye mshahara kamili, miezi miwili au mitatu ya tofauti kati ya posho ya mafunzo na mshahara si kitu kidogo kwa mtu mwenye mikopo ya masomo na ndugu wanaomtegemea nyumbani. Lakini kazi hiyo iwe ya kweli mkononi. Kutimiza saa hakuleti leseni siku hiyo hiyo, kwa kuwa bodi inahitaji muda wa kupitia maombi, na EPPP yenyewe ina maswali 225 yanayojibiwa kwa saa nne na robo, ambapo 175 ndiyo yanayopewa alama na 50 yaliyobaki ni ya majaribio. Alama ya kufaulu inayopendekezwa ni 500 kwa kipimo kinachoishia 800. Kama hujafanya mtihani huo, utaondoka katika mafunzo na kuingia katika kipindi ambacho wewe si mfunzwa tena wala hujawa na leseni, na katika kipindi hicho bado unahitaji msimamizi ili umwone mgonjwa. Kwa hiyo naipendekeza njia ya pili kwa mtu aliyekwisha kufaulu mtihani au mwenye mwajiri aliyekubali kwa maandishi kumsimamia hadi leseni itoke. Kwa mwingine yeyote, naona wiki zilizobaki za mkataba ni hifadhi nzuri ya kusomea.

Wapo ambao hawapaswi kuifikiria kabisa njia ya pili bila sababu nzito, nao ni wanaosomea nyurosaikolojia ya kliniki, fani inayoshughulikia uhusiano wa ubongo na tabia. Mkutano wa Houston wa mwaka 1997 uliweka mwongozo kwamba mtaalamu wa fani hiyo apate miaka miwili ya mafunzo baada ya uzamivu, na bodi ya ubingwa wa nyurosaikolojia ya kliniki hudai mwongozo huo kwa waliohitimu uzamivu kuanzia mwaka 2005. Mtu akiondoka baada ya mwaka wa kwanza anaweza kuwa na saa za kutosha za leseni ya jimbo, akapata leseni, kisha akagundua kwamba ubingwa aliousomea umekatika katikati na kwamba nafasi za kujaza mwaka mmoja uliobaki ni adimu. Leseni na ubingwa ni vitu viwili, na anayeondoka mapema sharti ajue ni kipi anachokiacha.

Kuondoka kabla saa hazijatimia

Njia hii ndiyo inayotisha, nami niliipita, kwa hiyo nitakaa nayo zaidi.

Jambo la kwanza linalotuliza moyo ni kwamba saa ulizokwisha kuzifanya hazifutiki kwa sababu umeondoka. Majimbo mengi hukubali saa zikusanywe katika sehemu zaidi ya moja na chini ya wasimamizi tofauti. California hutoa muda wa miezi 30 mfululizo kukamilisha kila fungu la saa 1,500, kwa hiyo mtu aliyefanya 900 mahali pa kwanza ana nafasi ya kutosha ya kutafuta 600 zilizobaki, hata kwa kazi ya nusu siku. Kinachoweza kuzifuta ni kukosekana kwa uthibitisho. Msimamizi wako mkuu lazima aeleze kwa bodi ulifanya kazi kuanzia lini hadi lini, saa ngapi, kwa usimamizi wa kiasi gani, na kama utendaji wako ulifikia kiwango kilichotarajiwa. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa. Saa zilizofanywa lakini zikaambatana na tathmini mbaya ya msimamizi zinaweza kukataliwa, na mtu anayeondoka kwa ugomvi huweka hatima ya mwaka wake mikononi mwa mtu aliyegombana naye.

Kwa upande wangu hapakuwa na ugomvi. Mzazi wangu aliugua na ilinibidi kuhamia jimbo jingine ambako kaka yangu alikuwa akimuuguza peke yake. Mkurugenzi wa mafunzo alinielewa, tukaagana kwa heri. Nilichokosea ni kutobeba sahihi. Wiki chache baadaye msimamizi wangu naye alihama kazi, na ofisi iliyobaki ilichukua zaidi ya miezi mitano kuthibitisha saa ambazo kila mtu alikubali kwamba nilizifanya. Miezi hiyo nilifanya kazi kama mfunzwa huku wenzangu wa kundi moja wakiwa na leseni. Sikudhulumiwa na mtu. Karatasi tu haikuwa na mwenyewe wa kuishughulikia, na gharama yake niliilipa mimi.

Jambo la pili ni hadhi yako kisheria mahali papya. Ukiwa ndani ya programu rasmi, mara nyingi sheria inakuruhusu kufanya kazi kwa sababu ya programu yenyewe. Ukitoka na kwenda kliniki ya mtu binafsi, ruhusa hiyo hubaki nyuma. Huko California mtu aliye katika programu rasmi inayotambuliwa hahitaji kujisajili kwa bodi, lakini akihamia kliniki binafsi anatakiwa awe amesajiliwa kama mshirika wa saikolojia (psychological associate) kabla ya kuanza, na saa anazofanya kabla ya usajili hazihesabiwi hata moja. New York kuna kibali cha muda kinachomhusu mwajiri na msimamizi waliotajwa ndani yake, kwa hiyo ukibadilisha mmoja wao unahitaji kibali kipya. Anayehama Ijumaa na kuanza Jumatatu anaweza kujikuta amefanya kazi wiki nne ambazo bodi haitazitambua, na, baya zaidi, ambazo zinaweza kutafsiriwa kuwa ni kazi isiyo na idhini.

Basi ni wapi pa kukamilishia saa zilizobaki? Kliniki binafsi hupatikana kwa haraka kuliko programu nyingine rasmi, kwa kuwa programu rasmi huajiri kwa msimu, na nyingi huanza Julai hadi Septemba. Udhaifu wa kliniki binafsi ni kwamba usimamizi hutegemea mtu mmoja. Akiugua au akistaafu, umerudi ulipokuwa. Kituo cha afya ya jamii huwa na wasimamizi zaidi ya mmoja na wagonjwa wengi, jambo linalomsaidia anayehitaji saa za kukaa na wagonjwa, ingawa kazi huwa nzito. Ziko pia hospitali za Idara ya Masuala ya Wanajeshi Wastaafu, ambako sheria inaruhusu mwenye uzamivu asiye na leseni aajiriwe na kupewa hadi miaka miwili ya kuipata, akihudumia wagonjwa chini ya usimamizi wa moja kwa moja wa mwenye leseni. Idara hiyo hukubali leseni ya jimbo lolote, hivyo mtu huweza kuishi jimbo moja na kuomba leseni ya jimbo jingine lenye masharti yanayolingana na saa zake. Wageni wajue, hata hivyo, kwamba nafasi za mafunzo ya saikolojia katika idara hiyo ni za raia wa Marekani.

Kabla ya kuichagua njia hii kwa sababu ya mateso kazini, kuna hatua ambazo watu wetu huziruka kwa aibu au kwa kuogopa kuonekana wakorofi. Programu yenye ithibati inatakiwa kuwa na utaratibu wa maandishi wa kupokea malalamiko ya wanaofunzwa. Kama ni mwanachama wa APPIC, chombo kinachounganisha vituo vya mafunzo ya saikolojia, wewe na programu mna haki ya kuomba mashauriano yasiyo rasmi kupitia chombo hicho. Kubadilishiwa msimamizi, kupunguziwa siku za kazi, au kupewa likizo na mkataba kusogezwa mbele ni mambo yanayowezekana, na kila moja lina madhara madogo kuliko kuanza upya. Lakini kama usimamizi haufanyiki kabisa, au unalazimishwa kutenda kinyume cha maadili, usikae kwa ajili ya saa. Saa zisizosimamiwa hazitakupa leseni, na kosa la maadili lililotendeka mikononi mwako litakufuata hadi mbele ya bodi ile ile unayoitafuta.

Jimbo lisilodai saa za baada ya uzamivu

Mwaka 2006 APA ilibadilisha msimamo wake na kukubali kwamba miaka miwili ya kazi ya kusimamiwa inaweza kukamilishwa kabla ya kutunukiwa shahada. Baadhi ya majimbo yamefuata msimamo huo, Washington na Arizona yakiwamo. Arizona inadai saa 3,000: saa 1,500 kutoka mafunzo tarajali, na 1,500 nyingine zinaweza kutoka katika mazoezi ya vitendo yaliyofanywa kabla ya mafunzo tarajali au katika kazi ya baada ya uzamivu. Mtu mwenye mazoezi mengi ya chuoni yaliyopangwa vizuri anaweza, kwa hiyo, kuondoka katika mafunzo ya baada ya uzamivu mwezi wa tatu na bado akawa na kila kinachotakiwa huko.

Neno la kuzingatia hapo ni yale mazoezi kuwa yamepangwa vizuri. Saa za kabla ya shahada hukubaliwa pale tu zilipofanywa kwa mpango wa mafunzo ulioandikwa, chini ya uangalizi wa chuo na wasimamizi wanaostahili. Mtu aliyehitimu miaka mitano iliyopita, na ambaye chuo chake hakikuweka kumbukumbu hizo, ataona kwamba njia hii inayoonekana fupi ina kona nyingi. Aliyeko bado chuoni anayesoma haya afanye hisani moja kwa nafsi yake ya baadaye: ahifadhi mipango ya mazoezi na hesabu za saa zikiwa na sahihi, hata kama hana mpango wa kwenda Arizona.

Ukiilinganisha na ile ya kwanza, njia ya nne ni ya haraka lakini ina gharama inayochelewa kudai. Leseni iliyopatikana bila saa za baada ya uzamivu ni leseni kamili katika jimbo lake. Siku utakapotaka kuhamia jimbo linalodai saa hizo, bodi mpya inaweza kukuuliza ziko wapi. Wengi huziba pengo hilo kwa miaka ya kazi wakiwa na leseni, lakini kila bodi ina namna yake ya kuipima. Upo pia mkataba wa majimbo uitwao PSYPACT, unaomruhusu mwenye leseni katika jimbo mwanachama kuwahudumia kwa njia ya mtandao watu walio katika majimbo mengine wanachama. Arizona na Washington yamo, na mkataba huo umevuka majimbo 40, lakini hadi mwaka 2025 California na New York hayakuwamo. Anayejua kwamba maisha yake yatakuwa Los Angeles au Brooklyn asidhani kwamba leseni ya Arizona itamfikisha huko bila kazi ya ziada.

Wenye viza

Mengi yaliyoandikwa juu ya jambo hili yanamchukulia msomaji kuwa raia. Kwa Mkenya au Mtanzania aliyeko kwa viza, ulinganisho hubadilika, na pengine viza ndiyo inayoamua kabla ya bodi.

Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 hupewa miezi 12 ya kufanya kazi katika fani yake baada ya kuhitimu. Saikolojia ya kliniki haimo katika orodha ya fani za sayansi zinazoongezewa miezi 24, kwa hiyo miezi hiyo 12 ndiyo yote. Ndani yake haruhusiwi kukaa bila kazi zaidi ya siku 90 kwa jumla, na mabadiliko ya mwajiri anatakiwa kuyaripoti ndani ya siku 10. Chukua mtu anayelenga New York, anayehitaji karibu wiki 44, akaondoka mwezi wa tano na kukaa wiki kumi akitafuta mahali pengine. Hajavunja sharti la siku 90, lakini wiki zilizobaki hazitoshi tena kufikisha saa 1,750 kabla ruhusa yake haijaisha. Kwake njia ya tatu haipo, isipokuwa ahame akiwa tayari na mahali pa kuingia.

Mwenye H-1B, viza ya kazi ya wataalamu, ana siku 60 tangu ajira ikome, au hadi ruhusa yake ya kukaa iishe kama ni mapema zaidi. Linalowashtua wengi ni tofauti ya waajiri. Chuo kikuu, na hospitali isiyo ya faida iliyounganishwa na chuo, huweza kumwombea mtu H-1B wakati wowote wa mwaka bila kuhesabiwa katika nafasi 85,000 za kila mwaka. Kliniki binafsi haina msamaha huo. Kwa hiyo anayeondoka hospitali ya chuo kwenda kliniki binafsi huenda akalazimika kuingia katika bahati nasibu ya Machi ya kugawa nafasi hizo na kusubiri hadi Oktoba. Wakili wa uhamiaji aonwe kabla ya kumgusia bosi jambo lolote, kwani siku huanza kuhesabiwa pale ajira inapokoma, si pale unapopata pa kwenda.

Wenye posho ya utafiti

Walio katika mafunzo yanayogharamiwa na posho ya NRSA ya Taasisi za Taifa za Afya, ambayo ni ya raia na wakaazi wa kudumu, wana deni jingine. Miezi 12 ya kwanza ya posho hiyo baada ya uzamivu huzaa wajibu wa kulipa, mwezi kwa mwezi, na ni kuanzia mwezi wa 13 ambapo kubaki kwenyewe huanza kulipa. Aliyeondoka mwezi wa nane ana deni la miezi minane, linalolipika kwa kufanya utafiti au kufundisha kwa wastani wa saa 20 kwa wiki au zaidi, la sivyo fedha hurudishwa. Anayekwenda kufundisha chuoni hatausikia uzito wake. Anayekwenda kliniki kuhudumia wagonjwa tu atausikia. Tena katika mafunzo ya aina hii saa nyingi ni za utafiti, ambazo bodi nyingi hazizihesabu kama huduma, hivyo mtu anaweza kumaliza miaka miwili yote na bado akahitaji saa za kliniki. Kwake kuondoka mapema kwenda mahali penye wagonjwa kunaweza kuwa ndiko kuikaribia leseni.

Kabla ya kuandika barua

Ningekuwa na mwezi ule wa saba tena, bado ningeondoka, kwa sababu mzazi hasubiri mkataba. Ila ningeipanga tofauti. Kwanza ningeiandikia bodi ya jimbo nilikokuwa nikienda, kwa barua pepe ili jibu libaki, nikiuliza mambo matatu: ni saa ngapi kati ya zangu watazihesabu, kama wanadai muda fulani mfululizo mahali pamoja, na usajili gani nauhitaji kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Kisha ningesoma mkataba wangu kuhusu notisi, bima ya afya na fedha za kurudisha. Halafu ningekaa na msimamizi wangu tukapitia daftari la saa wiki kwa wiki, akatia sahihi fomu ya uthibitisho ya bodi akiwa mbele yangu, nakala moja ikaenda kwa mkurugenzi wa mafunzo na nyingine nikaihifadhi, pamoja na anwani ya msimamizi isiyo ya kazini. Barua ya kuacha kazi ningeikabidhi baada ya hayo yote.

Na kama msimamizi angesita kutia sahihi, ningejua ningali kazini, nikiwa bado na mkurugenzi wa kumwendea na miezi mitano ya mkataba ya kurekebisha lililopungua.